Mizani Imesema na Simu: Siku Tatu na Zana Mpya za Plagini za Flutter

Imesoma!

Gunia la muhogo limekaa juu ya mizani, tarakimu nyekundu zimetulia, na namba ileile imejitokeza kwenye simu yangu bila mtu kuiandika: 62.40. Mama mwenye mzigo akainama kutazama kioo cha mizani, akatazama simu, akarudi tena kwenye mizani. "Mwanangu, hiyo umeiandika wewe au imekuja yenyewe?" Imekuja yenyewe, mama. Kabla hajamaliza kushangaa, printa ndogo niliyoining'iniza kiunoni ikatema risiti yenye uzito, tarehe, saa na ule mraba wa vidoti wa kuskani. Akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga yake kama anavyofunga hela.

Hapo ni Kisarawe, Jumamosi kabla ya adhuhuri. Alhamisi mchana programu hiyo ya kuzungumza na mizani haikuwepo popote duniani. Niliianza nikiwa nyumbani Maili Moja, Kibaha, nikiwa na kompyuta mpakato ya kawaida kabisa, bando la wiki, na hamu ya kuona kama yale yanayosemwa kuhusu zana mpya za Flutter ni kweli. Ni kweli! Nimekaa nayo siku tatu tu, kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyeonja mara ya kwanza, lakini siwezi kusubiri mwezi upite ndipo niseme.

Kwa asiyeijua, Flutter ni fremuweki ya Google ya kutengenezea programu za simu. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Unaandika mara moja kwa lugha ya Dart, na kazi ileile inakimbia kwenye Android na kwenye iPhone. Utamu wake mkubwa tangu mwanzo ni kupakia upya papo hapo: unabadilisha mstari, unahifadhi, na simu iliyo mkononi inabadilika kabla hujainua macho, tena bila kupoteza ulipokuwa umefikia. Ukishaonja hilo, kurudi nyuma ni adhabu.

Shida ilikuwa mpakani. Vitufe, orodha, picha, fomu, hivyo vyote Dart inavimaliza yenyewe. Lakini ukitaka kitu ambacho simu imekishika yenyewe, kama Bluetooth, laini ya pili, menyu za USSD au printa, lazima uvuke uingie nchi nyingine ambako Android inasema Kotlin na iPhone inasema Swift. Daraja la kuvukia ndilo programu jalizi, au kama tunavyosema wenyewe, plagini. Na kutengeneza plagini, jamani, ilikuwa kazi ya kumkatisha mtu tamaa.

Nieleze ilivyokuwa, maana bila hivyo furaha yangu haitaeleweka. Njia ya zamani inaitwa MethodChannel. Upande wa Dart unatuma jina la kazi kama maandishi matupu, "somaUzito", pamoja na mzigo wa data. Upande wa Kotlin unapokea maandishi hayo, unayalinganisha na majina unayoyajua, unafanya kazi, unarudisha jibu. Ukikosea herufi moja upande mmoja, hakuna anayekuonya. Programu inajengwa vizuri, inafunguka vizuri, halafu inaanguka mbele ya mteja siku anapobonyeza kitufe kile. Ukirudisha namba nzima mahali ambapo Dart inasubiri namba ya desimali, ni yaleyale. Mkataba wa pande mbili upo kichwani mwako tu, na kichwa huchoka.

Halafu kuna kusubiri. Kupakia upya papo hapo hakugusi Kotlin. Ukibadilisha mstari mmoja wa Kotlin, unasimamisha programu, Gradle, chombo cha kujengea cha Android, inaanza kujenga upya, wewe unakwenda kununua vitumbua. Unarudi, unaunganisha tena Bluetooth, unafika tena kwenye ukurasa uleule, unagundua umesahau mabano. Unaanza upya. Kwa aliye kwenye ofisi yenye mashine kubwa na intaneti ya waya hilo ni usumbufu. Kwa anayeishi kwa bando na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, hilo ndilo lililotufanya wengi tusiandike plagini kabisa. Tulitafuta iliyoandikwa na mtu wa mbali, tukaomba iwe inafanya kazi.

Nayo ya mtu wa mbali hufa. Mwaka 2023 zana za kujengea za Android zilipofika toleo la 8, kila moduli ilitakiwa itangaze jina lake la eneo (namespace) kwenye faili la ujenzi. Plagini ambazo wenyewe walikuwa wameshaziacha zikakataa kujengwa mara tu ulipohamia toleo hilo. Nimewahi kukaa usiku mzima nikiparua plagini ya printa ambayo mwenyewe hajaigusa miaka, mteja akiwa anasubiri asubuhi. Tena vitu tunavyovihitaji sisi mara nyingi havina mtu wa mbali wa kuviandika. Nani huko ng'ambo atahangaika na simu ya laini mbili, moja ya kupokelea pesa na nyingine ya bando la bei nafuu?

NALA ni ushahidi. Kabla haijajulikana kwa kutuma fedha kutoka Ulaya na Marekani, kampuni hiyo aliyoianzisha Mtanzania Benjamin Fernandes ilianza na programu ya Android iliyomwezesha mtu kutumia pesa za simu bila intaneti, kwa kupitia menyu za USSD chinichini. Wazo la namna hiyo linatoka kwa mtu anayejua maisha ya menyu za pesa za simu, *150*00# na *150*60#, na utekelezaji wake unadai uingie ndani kabisa ya simu. Android yenyewe ilikuja kufungua mlango rasmi wa kutuma ombi la USSD kwenye toleo la 8, tena mlango mwembamba: ombi moja, jibu moja, menyu ya hatua nyingi haipiti. Huko ndiko plagini zetu zilipo, pembeni mwa simu, mahali ambapo fremuweki haikuwahi kufikiria.

Sasa twende kwenye zana zenyewe.

Ya kwanza ni Pigeon, njiwa mpeleka barua, na jina linamfaa. Si mpya sana, ila nilikuwa sijaipa nafasi ya haki. Unaandika faili moja la Dart ambalo ni mkataba tu: kazi hizi zipo, zinapokea hiki, zinarudisha kile. Unaita amri moja kwenye terminali, na njiwa anakuandikia pande zote: Dart, Kotlin na Swift, kila kitu kikiwa na aina yake. Ukisahau kazi moja upande wa Kotlin, mashine inakataa kujenga na inakuonyesha mstari. Ukibadilisha jina kwenye mkataba, kila mahali panapotumia jina la zamani panapiga kelele palepale, mezani kwako, mteja akiwa bado hajaona chochote.

Halafu nikagundua jambo lililonifanya nisimame nitembee chumbani. Mkataba wangu niliuandika kwa Kiswahili! Nikaweka darasa linaloitwa Risiti, ndani yake uzito, mkulima, tarehe. Nikaweka kazi: ombaRuhusa, orodheshaVifaa, chapaRisiti. Njiwa akabeba majina hayo yote mpaka kwenye Kotlin na Swift bila kubadilisha herufi. Ukiacha kile kibainishi cha ng', Kiswahili hakina alama za juu wala herufi za ajabu, kwa hiyo hakuna lugha ya kompyuta inayokikataa. Nimefungua faili la Swift lililozalishwa, lugha ambayo naisoma kwa shida, nikakuta orodheshaVifaa imeketi pale kama imezaliwa hapo. Kijana wa kidato cha tatu akiufungua mkataba huo, ataelewa plagini inafanya nini kabla hajajua lolote kuhusu Bluetooth. Ninavyojua mimi, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuwaleta wanafunzi kwenye kazi hii, na nashangaa hatuitangazi.

Zana ya pili ndiyo iliyoniondolea usingizi. Inaitwa jnigen. Unaielekeza kwenye madarasa ya Java au Kotlin unayoyataka, nayo inakutengenezea madarasa ya Dart yanayoyaita moja kwa moja. Hakuna barua, hakuna mfereji, hakuna maandishi ya kulinganisha. Nililiomba soketi la Bluetooth la Android, nikalipata likiwa Dart. Nikaandika "unganisha", "soma baiti", "funga", vyote nikiwa upande wangu wa mpaka, na Kotlin iliyobaki kwenye plagini nzima ni ya kuomba ruhusa, kuorodhesha vifaa vilivyooanishwa na kuchapa risiti tu.

Na sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye uhondo. Kwa kuwa mantiki yote ya mizani iko kwenye Dart, kupakia upya papo hapo kunaigusa! Msimbo unaozungumza na kifaa cha nje, kitu kilichokuwa kinadai ujenzi mzima kila unapokohoa, sasa unabadilika kwa kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, na soketi la Bluetooth linabaki wazi. Tangu toleo la 3.29 la Februari 2025, Flutter imeunganisha uzi unaoendesha Dart na uzi mkuu wa programu kwenye Android na iPhone, ndiyo maana kuita vitu vya simu moja kwa moja kumekuwa kwepesi hivi. Kitu kimoja uangalie: kuunganisha soketi la Bluetooth husimamisha uzi mpaka kifaa kijibu. Ukifanya hivyo kwenye uzi mkuu, skrini inaganda. Mimi nimepeleka uunganishaji na usomaji kwenye isoleti, chumba cha pembeni cha Dart, na skrini inateleza vizuri kabisa.

Kifaa chenyewe nikieleze. Mizani nyingi za kidijitali za kupimia mazao zina tundu la RS-232 kwa nyuma, ambalo wenye mizani wengi hawalitumii. Mizani hutema kupitia tundu hilo mstari wa maandishi kila mara, mathalani ST,GS,+0062.40kg. ST maana yake imetulia. Ikiwa inacheza, huandika US. GS ni uzito wote, NT ni uzito baada ya kutoa chombo. Nilinunua Kariakoo kibao kidogo cha HC-05, kinachogeuza maandishi hayo kuwa Bluetooth, na kingine chenye MAX3232 cha kushusha volti za RS-232 zifae HC-05. Mizani yenyewe sikuifungua wala kuigusa ndani. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupewa stika, na ukiifungua unaharibu uaminifu wake. Nilichomeka kwa nyuma tu.

Alhamisi jioni nikaijaribu Maili Moja kwa mfuko wa mchele wa nyumbani. Baiti zikaja! Ziliporomoka kwenye terminali kama mvua ya masika. Nikaandika kanuni ya kuzichambua, nikahifadhi, nikaona namba. Nikabadilisha, nikahifadhi, nikaona namba nyingine. Umeme ulipokatika niliendelea kwa betri, kwa sababu hakukuwa na ujenzi mzito wa kuinyonya.

Zana ya tatu ni ndoano za ujenzi (build hooks). Ilifika rasmi Novemba 2025, na Dart 3.10 na Flutter 3.38. Kama una msimbo wa C, zamani plagini ilikudai faili la CMake kwa Android, faili jingine la aina tofauti kwa iPhone, na maelekezo ya Gradle juu yake, kila moja na lugha yake na hasira zake. Sasa unaweka faili moja, hook/build.dart, unasema kwa Dart ya kawaida kwamba chanzo ni hiki na maktaba iitwe hivi, basi. Nimechukua maktaba ya C ya Nayuki ya kutengenezea mraba wa QR, nikaiweka kwenye folda, nikaandika ndoano yenye mistari michache. Ikajengwa kwa simu, na ikajengwa pia kwa kompyuta yangu nilipoendesha majaribio, kwa hiyo mraba wa risiti niliuhakiki bila kuwasha simu kabisa. Tena tangu 1 Novemba 2025 Google Play inadai programu zinazolenga Android 15 kwenda juu ziweze kutumia kurasa za kumbukumbu za KB 16, jambo linalozigusa moja kwa moja maktaba za C. Ukijenga kwa zana za sasa unakuwa upande salama. Ukitegemea faili lililojengwa na mtu miaka minne iliyopita, jiandae.

Printa sitaiongelea sana. Hizi ndogo za karatasi ya milimita 58 zinaelewa amri za ESC/POS zilizoanzishwa na Epson, mstari mmoja unaingiza herufi 32, upana wa picha ni vidoti 384. Ijumaa nzima ilikwenda kwenye kupanga majina marefu yasikatike katikati. Imekaa vizuri.

Jumamosi nikatoka. Kutoka Kibaha kwenda Kisarawe ni safari ya kuzunguka kidogo: unateremka na Barabara ya Morogoro mpaka Mbezi Mwisho, unapita Kinyerezi, unatokea Gongo la Mboto, kisha Pugu na kupanda vilima kando ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi mpaka mjini Kisarawe. Wilaya zote mbili ni za Mkoa wa Pwani, lakini njia ya wengi inapitia Dar es Salaam. Mtandao nao ukipanda kilima unashuka, ukishuka bondeni unapotea. Kwa njia ya zamani nisingethubutu kwenda kurekebisha plagini mahali kama hapo. Gradle ingetaka kupakua kitu, tungebaki tunatazamana.

Tulikaa chini ya mwembe, kompyuta kwenye benchi, simu kwenye waya. Babu mmoja mwenye kibanda jirani alisogeza kiti. "Shikamoo babu." "Marahaba. Umekuja kutupima au kupima mihogo?" Nikamwambia mihogo tu, akaridhika, akabaki mpaka mwisho.

Mizani ya pale ikasema kitu tofauti na ya kwangu. Namba hazikuja. Nikatazama baiti: kati ya alama ya kujumlisha na tarakimu kulikuwa na nafasi tupu mbili badala ya sifuri, na kanuni yangu ilikuwa haizitambui. Nikabadilisha mstari mmoja. Nikahifadhi. Soketi halikukatika, programu haikufungwa, mama hakushusha gunia. Namba ikatokea! Kisha ikaja hitilafu ya pili: risiti ya kwanza ilichapa uzito mkubwa kuliko halisi, kwa kuwa ilisoma gunia likiwa linatua. Nikaongeza sharti kwamba mstari wa US usikubaliwe, na ST ije mara tatu mfululizo na namba ileile. Nikahifadhi. Ndipo ikaja ile 62.40 niliyoanza nayo. Marekebisho mawili, mbele ya mwenye mzigo, bila intaneti, bila kujenga upya hata mara moja. Nimefanya kazi hii kwa muda na sijawahi kuishi saa kama ile!

Na kwa nini nisifurahi? Mkulima wa pwani anajua lumbesa ni nini, gunia lililojazwa likavimba mpaka juu huku bei ikibaki ya gunia moja. Anajua kangomba, ununuzi wa korosho kwa vipimo vya mtaani ambao Serikali imeupiga vita miaka mingi. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho ghafi zinauzwa kwa mnada wa kidijitali wa soko la bidhaa la TMX. Lakini kabla ya mnada kuna mizani ya chama cha msingi cha ushirika, na kati ya mizani na daftari kuna mkono wa mtu anayeandika. Namba inayotoka kwenye mizani ikaingia kwenye risiti moja kwa moja inaondoa nafasi ya kuteleza pale. Mimi nimejaribu kwa muhogo wa mama mmoja tu, lakini waya ni uleule na mstari ni wa aina ileile.

Mapungufu yapo, nami nayataja kwa sababu nataka uingie ukiwa unajua. Toleo la jnigen nililotumia lilikuwa bado chini ya 1.0, na majina ya vitu vyake yanaweza kubadilika. Funga toleo unalotumia. Kuiandaa mara ya kwanza kunadai Android SDK na Gradle viwepo, na Gradle peke yake ni zaidi ya MB 100, Android Studio ni zaidi ya GB moja. Fanya hilo usiku kwa bando la usiku. Kotlin yoyote inayobaki, hata kidogo, bado inadai ujenzi kamili ukiigusa. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa mpya za Bluetooth, zikiwemo ya kutafuta vifaa na ya kuunganisha, na ukisahau kuziomba hutapata kitu. Usifikirie pia kukwepa kazi kwa kusoma SMS za malipo: tangu 2019 Google Play imezibana ruhusa hizo vikali.

Kwa upande wa iPhone, HC-05 haitafika. Apple inaruhusu Bluetooth ya aina hiyo ya zamani kwa vifaa vilivyoidhinishwa na mpango wake tu, kwa hiyo unahitaji kifaa cha Bluetooth ya nishati ndogo. Kujenga kwa iPhone kunadai kompyuta ya Mac, na hapo wengi wetu tunaazima. Kwa mazao, hata hivyo, watu niliowakuta mizanini wote walikuwa na Android, kwa hiyo sikuona sababu ya kusubiri.

Jambo la mwisho ni maelekezo. Nimeyasoma yote kwa Kiingereza, na ni mazuri, lakini mifano yake ni ya betri na kikokotoo. Tunahitaji mifano ya mizani, ya printa ya kiunoni, ya laini mbili. Mtu wa Kibaha akiona mfano wa mizani ataelewa kwa dakika kumi kinachochukua siku nzima kwa mfano wa kujumlisha namba mbili. Hapa Kibaha kuna Shirika la Elimu lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likaweka shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima kwenye eneo moja. Ningependa siku moja niende kwa wanafunzi wa pale na kibao cha HC-05 na mkataba wa Pigeon ulioandikwa kwa Kiswahili, niwaache waendelee.

Hukumu yangu ni hii. Pigeon itumie leo, kwa kila plagini, hata yenye kazi moja; sioni tena sababu ya kuandika MethodChannel kwa mkono. Ndoano za ujenzi zimekomaa, zitumie pale tu unapokuwa na C. jnigen itumie ukiwa na moyo na ukiwa tayari kusoma makosa marefu, kwa sababu malipo yake ni makubwa kuliko ya hizo mbili kwa pamoja: kifaa cha nje kinakuwa chepesi kubadilisha kama rangi ya kitufe.

Kama uko Mlandizi, Mzenga, Maneromango au popote penye mizani yenye tundu la RS-232 lililojaa vumbi, lifute. Weka Flutter 3.38 kwenda juu, nunua HC-05 na MAX3232, chomeka, na usome mstari wa kwanza mizani yako inaousema. Plagini yake iandike wewe, kwa majina ya Kiswahili, kabla wiki haijaisha.